Umefunga CCTV, lakini imefungwa?

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha mtaa wetu hapa Sakina, Arusha, mwenyekiti alisimama akasema kila nyumba yenye uwezo ifunge CCTV. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza bei. Kijana wa bodaboda akamjibu toka nyuma kwamba siku hizi zipo hadi za elfu hamsini, zile za balbu, unachomeka tu kwenye holda ya taa. "Ndiyo CCTV hiyo hiyo, mama yangu," akamalizia.

Nilinyamaza, maana kikao kilikuwa kimeshakula saa mbili na jua lilikuwa linatuchoma. Lakini ilikuwa mara ya tatu mwezi huu nasikia neno hilo likivishwa kitu kisicho chake, na safari hii lilikuwa linaelekea kwenye muhtasari.

CCTV ni herufi za maneno ya Kiingereza closed-circuit television, yaani runinga ya saketi funge: picha inatoka kwenye kamera na kwenda kwa watazamaji wanaojulikana, kwa njia yao wenyewe, bila kurushwa kwa umma. C ya kwanza si "kamera", hata kama fundi wako ameapa. Kamera haimo kabisa kwenye jina. Kinachotajwa ni njia ambayo picha inapita, na njia yenyewe imefungwa.

Hapo kwenye kufungwa ndipo Kiswahili chetu kinapotuchezea. Sisi tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani na Kwaresima, tunafunga goli, na fundi naye anafunga: anafunga dishi, anafunga mota ya maji, anafunga kamera. Mwambie mtu kwamba CCTV ni runinga ya mzunguko "uliofungwa" na kichwani mwake anamwona dogo juu ya ngazi na drili mkononi. Kwake imefungwa kwa sababu skrubu zimekaza. Ndiyo maana sentensi "nimefunga CCTV" inampa kila mtu raha: imebeba neno sahihi kwa maana isiyo yake.

Kuna kufunga kwingine kunakowachanganya hata waliokaa darasani. Kwenye fizikia ya sekondari tulifundishwa kwamba saketi ikiwa wazi balbu haiwaki, na ikifungwa inawaka. Nakumbuka tulivyohangaika na hilo, kwa sababu nyumbani mambo ni kinyume. Ukifunga bomba, maji hayaji; ukifunga swichi, umeme unapita. Fundi mmoja maeneo ya soko la Kilombero alinieleza kwa kujiamini kabisa kwamba CCTV imeitwa hivyo kwa sababu waya umeungana mzima, na mwizi akiukata tu king'ora kinalia. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu alichokieleza kipo, na kinafanya kazi vizuri sana, ila ni king'ora cha mlango na dirisha. Ndiyo saketi funge ya fizikia. Ya runinga ni nyingine.

Ya runinga ifananishe na kikao cha ndani. Kikao cha hadhara anaingia kila apitaye, na kikao cha ndani kina walioitwa. Walioliunda jina hili walikuwa wanalitofautisha na runinga ya kawaida, ile inayorushwa hewani ili kila mwenye antena aidake. Kwetu tofauti hiyo haikupata muda wa kukomaa masikioni. Zanzibar walianza kurusha picha tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri mpaka miaka ya 1990, na runinga ilipofika tayari kanda za video zilikuwa mitaani na kila kitu chenye kioo kiliitwa TV. Hatukuwa na haja ya kuuliza ipi imefungwa na ipi iko wazi.

Mfano wa mwanzo unaotajwa mara nyingi ni wa Ujerumani, mwaka 1942, kule Peenemünde, walikokuwa wakijaribu roketi za V-2. Roketi zile zilikuwa na tabia ya kulipukia pale pale zinapowashwa, na hakuna mhandisi mwenye akili timamu aliyetaka kusimama karibu. Kampuni ya Siemens ikawawekea kamera penye roketi na kioo mahali salama, waya katikati. Mhandisi aliyeusanifu mfumo huo anatajwa kuwa Walter Bruch. Hakuna mwananchi aliyeona picha zile sebuleni kwake. Walioziona ni waliokuwa upande wa pili wa waya.

Bruch huyo huyo, miaka ya 1960, ndiye aliyebuni PAL, mfumo wa rangi wa runinga ambao sehemu kubwa ya dunia iliutumia, sisi tukiwemo. Ukinunua rekoda leo, ile mashine nyeusi wanayoiita DVR, na kuiwasha mara ya kwanza, menyu bado inaweza kukuuliza: PAL au NTSC, ule mfumo wa Wamarekani? Chagua PAL. Umeme wetu ni wa hezi 50 na PAL inakwenda nao sawa. Ukichagua NTSC, picha chini ya taa za tyubu inaweza kupepesa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Sioni fundi anayeeleza hili. Wanabonyeza tu.

Ulinzi wa nyumbani nao ulianza ukiwa umefungwa kwelikweli. Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliyekuwa na zamu za ajabu ajabu kama manesi wote, alichoka kuogopa kila mlango ulipogongwa. Yeye na mumewe Albert wakaomba hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, mwaka 1966, wakaipata mwaka 1969: mlango wenye matundu manne ya kuchungulia, kamera inayopanda na kushuka nyuma yake, na picha inayokwenda kwenye runinga ya chumbani, pamoja na kipaza sauti cha kuzungumza na mgeni na kitufe cha kufungulia mlango. Toka mlangoni hadi kitandani, basi. Picha haikwenda popote pengine.

Sasa turudi kwenye balbu ya elfu hamsini. Ile ni kamera, tena si mbaya. Inaona usiku, inageuka, inasema na simu yako. Lakini njia ya picha yake inapita wapi? Inatoka kwenye holda, inaingia kwenye rauta kwa Wi-Fi, mara nyingi inapanda intaneti hadi kwenye kompyuta ya kampuni ambayo hujui iko nchi gani, ndipo inakurudia kwenye simu ukiwa umekaa hatua kumi kutoka kwenye balbu yenyewe. Ukitaka kumwona ng'ombe wako bandani hapo Sakina, picha inaweza kusafiri kwanza nje ya nchi. Hiyo saketi ni funge kwa lugha ipi? Jina lake la haki ni kamera ya intaneti, na ni ukoo mwingine: kamera ya kwanza ya kuunganishwa moja kwa moja na mtandao ilitolewa na kampuni ya Axis ya Sweden mwaka 1996, miaka zaidi ya hamsini baada ya ile ya roketi.

Mtu ataniambia jina halimkamati mwizi. Jirani yangu, nimwite Baba Neema, aliibiwa pikipiki mwezi wa tano, ndani ya geti, usiku wa ukungu. Asubuhi tulikusanyika kwake kuangalia "CCTV". Alifungua programu kwenye simu, ikazunguka, ikazunguka. Kifurushi cha rauta kilikuwa kimeisha tangu jana yake jioni. Memori kadi haikuwemo, kwa sababu aliyemuuzia alimwambia picha zinajihifadhi zenyewe. Baba Neema alirudia mara mbili, "Lakini nilifunga CCTV." Angekuwa nayo kweli, kifurushi kisingemhusu. Rekoda iliyounganishwa na kamera kwa waya hairekodi kwa hisani ya kampuni ya simu. Inarekodi kwa sababu ina waya na diski.

Kuna hesabu ndogo inayoonyesha kwa nini balbu inayotegemea mtandao haiwezi kufanya kazi ya rekoda hata ikitaka. Kamera moja ya kiasi inayotoa megabiti 2 kwa sekunde inajaza gigabaiti 21 na ushee kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86. Diski ya terabaiti 1 inazimeza kwa siku 11 hivi, kisha inaanza kufuta za zamani na kuandika mpya juu yake, na wewe huna habari. Jaribu kuzipandisha gigabaiti 86 kila siku kwa bando. Ndiyo maana kamera za intaneti nyingi hazipandishi kila kitu. Zinasubiri kitu kitembee mbele yake, zinapandisha kipande kifupi, zinalala. Na kwa Arusha kinachotembea mbele ya kamera usiku mara nyingi ni buibui. Joto na mwanga wa kamera huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando ukitikiswa na upepo simu inakuamsha saa nane usiku kukuambia kuna mtu. Juni na Julai ukungu ukishuka ndiyo kabisa, zile taa za infraredi, ambazo kamera huzitumia kuona gizani, zinaumulika ukungu wenyewe na picha inakuwa maziwa.

Nisionekane nimelipwa na wauza waya. Saketi funge ina udhaifu wake, na mkubwa ni huu: mwizi akiingia ndani akaibeba rekoda, ameondoka na ushahidi kwapani. Hapo picha iliyokwishatoroka kwenda nje ya nchi ndiyo itakayokusaidia. TANESCO nayo haibagui. Umeme ukikatika vyote vinakufa, isipokuwa kama umeweka UPS, ile betri ya akiba, na rekoda yenye kamera nne kwa kawaida haili umeme mwingi kiasi cha kukutisha. Ila balbu ina kifo cha peke yake. Shangazi yangu wa Moshi, kule Pasua, kafungiwa moja na mwanawe aliye Dar. Kila saa nne usiku, kabla ya kulala, shangazi anazima taa ya nje ili kubana LUKU, kama alivyofanya maisha yake yote. Mwanawe analalamika kwamba kamera mbovu.

Tena siku hizi hata ya waya haibaki imefungwa muda mrefu. Fundi akimaliza kukaza skrubu anakuomba simu, anaelekeza kamera ya simu kwenye ile alama ya miraba chini ya rekoda, na papo hapo unaona geti lako ukiwa sokoni. Raha tupu. Lakini hapo umefungua mlango, na kama neno la siri limebaki lile la kiwandani, umeuacha bila komeo. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, vingi vikiwa kamera na rekoda kama hizi zetu, kwa kujaribu tu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani, kisha kikavitumia kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Wenye kamera zile bila shaka nao walikuwa wanasema wamefunga.

Kwa hiyo ukienda dukani, achana na swali la "CCTV shilingi ngapi?" Muulize muuzaji picha zinalala wapi. Akisema kwenye diski iliyo ndani ya nyumba yako, endelea kuongea naye. Akisema kwenye kadi iliyo ndani ya kamera, uliza kadi ni ya ukubwa gani na mwizi akiing'oa kamera itakuwaje. Akisema "kwenye mtandao, bosi, usijali", uliza unalipia kiasi gani kwa mwezi na kifurushi kikiisha inakuwaje. Majibu yote matatu yanaweza kukufaa, inategemea nyumba yako na mfuko wako.

Jumatatu jioni katibu wa mtaa aliniletea muhtasari niusome kabla haujabandikwa, kwa sababu anajua nina ugonjwa wa maneno. Kipengele cha nne kilisomeka: "Kila nyumba yenye uwezo ifunge CCTV." Nikachukua kalamu, nikakata neno la mwisho, nikaandika "kamera inayohifadhi picha hata mtandao ukikatika". Mwenyekiti alipouona akanipigia.

"Mwalimu, mbona umenibadilishia CCTV yangu? Si kitu kile kile?"

"Shikamoo mzee. Karibu kile kile."

"Marahaba. Sasa tofauti iko wapi?"

Nikamwambia amuulize Baba Neema. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema basi niiache ilivyo, ila niongeze na memori kadi.