Sintetiki haiui sili za gari ya zamani

Wenye Porsche 911 za zamani, zile za kupozwa na hewa, bado wanaambiwa wasithubutu kuweka oili ya sintetiki, ile inayotengenezwa kiwandani kwa kemikali, eti inakula sili, raba zinazozuia oili isivuje, na injini itaanza kuvuja. Haya maneno hayakutoka hewani. Sintetiki za mwanzo za miaka ya 70 hazikuwa zinavimbisha raba ya sili kama oili ya kawaida, sili zikawa zinasinyaa kidogo na oili inapita, baadaye watengenezaji wakachanganya esta, kemikali inayovimbisha raba, humo ndani na tatizo likaisha, maneno ndo yakabaki.

Sasa mbona kuna watu wakibadilisha tu oili kwenda sintetiki gari linavuja? Mara nyingi sili ilishakufa kitambo, imekakamaa, iliyokuwa inaziba ni tope la oili ya miaka, ukiweka oili yenye kemikali nzuri ya kusafisha inalisafisha tope na tundu linabaki wazi. Badilisha sili bana, usilaumu oili.

Cha kuangalia kwenye hizi injini ni uzito wa oili (zile namba kama 15W-50, kubwa ni nzito) na zinki. Roka zake, vyuma vinavyosukuma valvu, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, fimbo inayoziendesha, na kinachokinga hapo ni ZDDP, kemikali ya kwenye oili yenye zinki na fosforasi. Tangu API SM, kiwango cha ubora wa oili cha Marekani cha 2004, oili nyepesi kama 5W-30 fosforasi yake imebanwa isizidi asilimia 0.08 ili kulinda katalitiki, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo tafuta 15W-50 au 20W-50 ambayo karatasi yake ya vipimo inaonyesha zinki kama 1,200 ppm (sehemu kwa milioni), ikiwa sintetiki, weka tu.