Ile vesheni ya wimbo unayoikumbuka nusunusu: dhana potofu na ukweli wake

Hapa Kampala ukikaa na watu wa rika la kaseti, ukawaambia unatafuta wimbo wa Hotel California, ile vesheni inayoanza taratibu na gita na ngoma, hukosi mtu wa kukwambia ssebo (bwana) umeota, wimbo huo uko mmoja tu. Jambo hili linaniuma kweli, maana watu wanaacha kutafuta kitu ambacho kipo kabisa.

Dhana: wimbo ni mmoja, kumbukumbu yako ndiyo mbovu

Ukweli: vesheni hiyo ipo. Eagles waliitoa Hotel California mwaka 1976, dakika sita na nusu hivi, magita ya umeme, na mwishoni Don Felder na Joe Walsh wanapokezana solo mpaka sauti inafifia. Bendi ikavunjika 1980, wakarudiana 1994, wakaupiga upya mbele ya watu na ukatoka kwenye albamu ya Hell Freezes Over. Hapo ndipo lile gita la nyuzi za nailoni linatangulia, konga (ngoma za mkono) zinaingia, watu wamekaa wanasikiliza hawajajua ni wimbo gani, halafu zile kodi za gita (noti zinazopigwa pamoja) za wimbo wenyewe zikigusa tu, makelele! Na mwisho haufifii, unamalizwa kabisa na makofi juu. Redio za FM za binafsi zilianza kuzagaa Uganda miaka hiyohiyo ya 1990, kwa hiyo mtu aliyekulia na redio hizo anaweza kabisa kuwa aliisikia hii kabla ya ile ya 1976, akakua akidhani ndiyo orijino.

Dhana: maneno yakitofautiana, hiyo ni bendi nyingine imekopi

Si lazima. Chukua Lola ya The Kinks, 1970. Kwenye albamu mwimbaji wao Ray Davies anataja Coca-Cola, lakini BBC walikuwa hawaruhusu kutangaza bidhaa ya mtu, kwa hiyo jamaa ikabidi aache ziara Marekani, apande ndege mpaka London kurekodi tu hapo padogo, ikawa cherry cola kwenye singo (rekodi ya wimbo mmoja inayotolewa peke yake). Bendi ileile, wimbo uleule, na wewe uliyesikia cherry na rafiki yako aliyesikia Coca wote mko sawa. Au Revolution ya The Beatles, 1968: kwenye singo inakimbia na gita linakwaruza, kwenye albamu ni taratibu, inaitwa Revolution 1, na John Lennon akishaimba neno "out" anaongeza "in", ambalo kwenye singo halipo. Kuna nyingine zilikatwa tu ili redio zikubali kuzipiga, Light My Fire ya The Doors albamu yake ni dakika saba hivi ila singo haifiki hata tatu, yale masolo ya kinanda na gita karibu yote yameondoka.

Dhana: yangu ilikuwa na sauti nyembamba na haraka, lazima ni vesheni adimu

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio yenye mpira wa kuzungusha kaseti uliolegea au betri zinazokaribia kuisha, ukija kuipiga kwenye redio nzima inakimbia, na ikikimbia sauti nayo inapanda, spidi ikizidi kwa asilimia 6 hivi tu wimbo mzima umepanda nusu toni. Kipimo ni hiki: kama spidi na sauti vimepanda pamoja na kila kitu kingine kiko vilevile, hapo shuku mashine kwanza. Kama kuna chombo kimeongezeka, neno limebadilika au mwisho ni mwingine, hiyo ni rekodi nyingine, endelea kutafuta.

Dhana: Shazam itamaliza kazi

Shazam, ile app ya simu ya kutambua nyimbo, inalinganisha alama za rekodi maalum, hivyo inataka isikie rekodi yenyewe. Ukiiimbia wewe kwa mdomo haikusaidii. Google tangu 2020 inakubali uvumishe (utoe sauti ya wimbo mdomo umefunga, bila maneno), ila itakupa jina la wimbo, na jina unalo tayari.

Na lile neno remasta lisikuchanganye, mara nyingi ni sauti iliyosafishwa tu, waimbaji hawakurudi studio. Rimiksi, yaani sauti zilizorekodiwa zikichanganywa upya, ndiyo inaweza kukuletea gita ambalo hukuwahi kulisikia.

Ushauri wangu, usiwavumishie watu kiitikio, kiitikio kinafanana karibu kwenye vesheni zote. Vumisha mwanzo, vumisha mwisho, andika neno lile moja linalokusumbua na kama kulikuwa na makofi, yaandike kabla hujaanza kusikiliza za YouTube maana ukishasikiliza kumi kichwa kinachanganya zote, halafu wengine wanaopandisha pale huwa wamebadilisha spidi makusudi wasikamatwe na hakimiliki. Kisha nenda Discogs, tovuti inayoorodhesha rekodi zilizotolewa, tafuta wimbo, angalia singo, albamu na za laivu, linganisha dakika. Rekodi mbili zikipishana dakika nzima, anzia hapo.