Je, wajua? Maji ya chumvi yanayotupwa baharini yanaweza kunasa hewa ukaa

Mtambo wa kusafisha maji ya bahari hauangamizi chumvi, unaitenga tu. Maji husukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Hadi karibu nusu yake hutokea upande wa pili yakiwa maji safi ya kunywa, na yaliyosalia hubeba chumvi yote, yakawa makali hadi karibu mara mbili ya bahari yenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa uliotoka mwaka 2019 ulikadiria kuwa mitambo karibu 16,000 duniani hutoa mita za ujazo milioni 95 za maji safi kwa siku, na mita za ujazo milioni 142 za mabaki hayo. Zaidi ya nusu ya mabaki hutoka Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Qatar. Mengi humwagwa baharini, na kwa kuwa ni mazito kuliko maji ya kawaida, huzama na kutanda sakafuni, walipo viumbe wasioweza kuhama.

Kinachomwagwa hapo si chumvi ya mezani peke yake. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila aina, na ndani yake mna gramu 1.3 za magnesiamu, gramu 0.4 za kalsiamu na kiasi kama hicho cha potasiamu. Lithiamu ndiyo inayotajwa sana siku hizi kwa sababu ya betri, lakini haifiki hata miligramu 0.2 kwa lita. Mimi naona mali halisi ni magnesiamu.

Kuitoa si jambo geni. Mwaka 1941 kampuni ya Dow ilianza kuchota magnesiamu katika maji ya bahari huko Freeport, Texas, kwa kutia chokaa ya maganda ya chaza yaliyochomwa. Siri ni alkali, yaani kemikali iliyo kinyume cha tindikali. Ukiitia mpaka pH (kipimo cha tindikali na alkali) ipite 10 hivi, maji yaliyokuwa maangavu hugeuka meupe kama maziwa, kisha unga laini hutuama chini. Huo ni haidroksidi ya magnesiamu, dawa ileile inayotuliza kiungulia. Ukipitisha kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, ndani yake, inaungana na magnesiamu na kuwa kabonati, yaani jiwe. Hewa iliyofungwa hivyo haitoroki tena kirahisi. Mawe ya aina hiyo hukaa ardhini mamilioni ya miaka.

Hapa ndipo habari nyingi hukomea, na ndipo kazi ngumu inapoanza: alkali yenyewe imetoka wapi? Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya kalsiamu au maganda, na uchomaji huo hufukuza kabonidayoksaidi iliyomo. Molekuli moja ya chokaa huzalisha molekuli moja ya haidroksidi ya magnesiamu, nayo hunasa molekuli moja ya hewa ukaa. Iliyonaswa ni sawa na iliyotolewa tanurini, kabla hata hujahesabu kuni au gesi iliyowasha tanuri.

Njia nyingine ni kupitisha umeme kwenye maji hayohayo ya chumvi, yajitengenezee soda kali, ambayo nayo ni alkali. Hebu tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya mabaki ina takriban kilo 2.6 za magnesiamu. Kuituamisha yote kunahitaji kilo 8 hadi 9 za soda kali, na kuzitengeneza hula umeme wa kama kilowati-saa 20, ilhali kusafisha mita moja ya ujazo ya maji hula 3 au 4 tu. Hewa ukaa itakayogeuka jiwe haifiki kilo 5. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, utakuwa umetoa karibu kilo 20 ili unase 5. Ukitoka kwenye jua au upepo, hesabu inageuka, na hidrojeni inayotoka kando inaweza kurudisha sehemu ya nishati.

Bado kuna klorini. Umeme uleule hutoa zaidi ya kilo 7 za gesi hiyo ya sumu kwa kila mita ya ujazo, na viwanda duniani havina haja ya klorini nyingi kiasi hicho. Kampuni ya Equatic, iliyotokana na utafiti wa chuo kikuu cha UCLA na kufanya majaribio Los Angeles na Singapore mwaka 2023, inatumia elektrodi (kipande kinachoingiza umeme majini) inayotoa oksijeni na tindikali badala ya klorini. Tindikali hiyo nayo hupozwa kwa mawe yaliyosagwa, kwa hiyo lazima mawe yachimbwe na kusagwa.

Na hata magnesiamu yote ya mabaki ya dunia ikitumika, ingenasa kama tani milioni 200 za kabonidayoksaidi kwa mwaka, wakati nishati tunayochoma hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Maji yanayorudi baharini nayo yatabaki makali, kwa kuwa gramu 30 kati ya zile 35 ni sodiamu na kloridi ambazo magnesiamu ikiondoka hazipungui. Mabomba ya kuyatawanya haraka mbali na matumbawe bado yatahitajika.