Yakitori ni kuku, si kila mshikaki

Wengi hudhani yakitori ni mshikaki wowote wa Kijapani. Sivyo. "Yaki" ni kuchoma, "tori" ni ndege, na kwa desturi ndege huyo ni kuku. Ukiketi kwenye kaunta ya mgahawa mdogo wa Tokyo, mbele ya jiko la mkaa, utaletewa kuku karibu mzima, kijiti kwa kijiti: paja lililochanganywa na vitunguu majani, moyo, ini, ngozi, firigisi, hata gegedu. Firigisi iagize kwa chumvi, tafadhali. Mchuzi mtamu wa soya huifunika ladha yake. Ini ndilo linaloupenda mchuzi huo.

Ni kweli, mji wa Muroran, kule Hokkaido, huita yakitori nyama ya nguruwe iliyochomwa na vitunguu, ikaliwa kwa haradali. Huo ni upekee wao.