Listi ya kusubiri ya akademi za jeshi Marekani: sio foleni jamani

"Sasa yuko namba ngapi?" Hilo ndo swali la kwanza aliloniuliza shangazi toka Tanga siku nilipompigia kumwambia mjukuu wake kawekwa kwenye listi ya kusubiri, na kusema kweli siku ile hata mimi nilikuwa naitafuta hiyo namba, nimeingia kwenye potali ya binti yetu, ule ukurasa wake wa maombi mtandaoni, mara tatu kabla hata ya chai ya asubuhi nikitafuta kinumba chochote mahali. Hamna. Toka mwezi wa tatu mpaka wa sita nimeambiwa mengi, msibani, harusini, kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Maryland, mengine na watu wanaotupenda kabisa, na mengi hayakuwa kweli. Naandika kwa sababu kila mwaka kuna wenzetu wanafika hapo hapo, na anayeumia na maneno ni mtoto.

Tuwekane sawa kwanza. Akademi, yaani vyuo vya serikali vya kufundisha maofisa, ziko tano: West Point ya jeshi la nchi kavu (tangu 1802), Annapolis ya wanamaji (1845), Colorado Springs ya jeshi la anga (1954), Kings Point ya meli za biashara, na New London ya walinzi wa pwani. New London haidai nominesheni, zile nne zinadai, na nominesheni ni jina lako kupelekwa na mbunge au seneta wa mnapoishi, au makamu wa rais, na kuna milango mingine kama ule wa watoto wa wanajeshi. Nitakayosema hapa ni zaidi ya West Point, Annapolis na Colorado Springs maana sheria zao zinafanana sana.

"Ni foleni, tulia zamu yake ifike"

Hii ndo kubwa na ndo inayotesa. Kwenye foleni ya benki wa mbele akihudumiwa wewe unasogea hatua. Huku mtu anaweza kukataa nafasi yake leo na wewe usisogee hata kidogo, kwa sababu kiti alichokiacha kinaweza kuwa sio cha listi yako.

Iko hivi. Kila mbunge wa Congress na kila seneta anaruhusiwa kuwa na watu wake 5 kwa wakati mmoja ndani ya akademi moja. Masomo ni miaka 4, kwa hiyo mara nyingi anakuwa na kiti kimoja tu kwa mwaka, mwaka mwingine viwili. Kwa kila kiti anaruhusiwa kupeleka majina kadhaa, hata 10 na zaidi. Kuna wabunge wanaopeleka majina bila kuyapanga, akademi yenyewe inaangalia nani ana alama za juu, na kuna wanaosema huyu ndo chaguo langu la kwanza, na huyo akikidhi vigezo vyote akademi lazima impe, hata kama wa nne kwenye orodha ile ile ana alama kumzidi. Kiti kimeenda. Sasa waliobaki, wale waliokidhi kila kitu lakini kiti cha kwao kimechukuliwa, ndo wanaokusanywa nchi nzima kwenye orodha moja ya kitaifa. Sehemu ya nafasi za orodha hiyo sheria inasema zitolewe kwa mpangilio wa alama tu, wa juu kwanza. Zikiisha hizo, zinazobaki za kujaza darasa akademi ina uhuru zaidi wa kuangalia inamhitaji nani.

Kwa hiyo ukiuliza "namba ngapi" inabidi uulize kwenye listi ipi, ya mbunge, ya alama za nchi nzima, au ya kujaza darasa? Mtoto mmoja anaweza kuwa wa pili kwa mbunge wake na wa mia tatu huko kitaifa, na kiti cha aliyekataa kikirudi kwa mbunge yule yule basi huyo wa pili anapigiwa simu na wale mia mbili na kitu waliomzidi alama hawajui chochote. Mimi nilipoelewa hili ndo nililala usingizi, maana niliacha kufikiri kuna mtu kamruka mwanangu.

Na hapa wengi wetu hatulijui jambo moja: unapoishi pana uzito. Maeneo ya karibu na Washington, huku kwetu Maryland na ng'ambo Virginia, yamejaa familia za wanajeshi ambazo watoto wao wanajiandaa toka darasa la saba, ushindani wake ni mkali kweli. Mtoto huyo huyo na alama hizo hizo angekuwa jimbo lenye waombaji wachache pengine kiti ni chake. Kwa hiyo usimlinganishe binti yako na kijana wa rafiki yako aliyeko jimbo lingine ukamwambia "mwenzio mbona kapata", hawakushindana na watu walewale.

"Kapata nominesheni, basi kapita"

Hapana. Nominesheni inakuingiza uwanjani. Alafu lazima ukidhi darasani, ukidhi afya, ukidhi mtihani wa mwili, ule wa kurusha mpira wa kikapu umepiga magoti, kuvuta chuma, mbio za kwenda na kurudi, kukunja tumbo, pushapu na maili moja. Na ukikidhi vyote hivyo bado hujapata nafasi, umepata tu haki ya kushindana. Sherehe tuliyofanya sisi mwezi wa kwanza barua ya seneta ilipokuja sijutii, mtoto alistahili pilau lake, ila wageni waliondoka wanajua kashaingia na ikabidi tuanze kuwaeleza mmoja mmoja mwezi wa nne.

"Mpigie mbunge, ana uwezo wa kumsogeza"

Nimeambiwa hivi na watu kama sita. Tumekulia kwenye kujuana, naelewa inakotoka. Lakini kazi ya mbunge inaisha anapopeleka majina, na mwisho wa kupeleka ni 31 Januari. Baada ya hapo hapangi alama, haoni listi, hana mkono humo. Watu wa ofisini kwake ni wakarimu, watakupokea simu na kukusikiliza, ila watakachokwambia ni kile kile kilichoko kwenye potali. Na usithubutu kumlipa mtu anayesema ana njia yake. Hamna njia. Nani anapata kinaamuliwa na akademi, na viti vya sheria vinahesabiwa kimoja kimoja.

Hili linaendana na lile la kutuma vitu kila siku, barua za sheikh, barua za mchungaji, za kocha, cheti cha usafi wa mazingira cha darasa la tano. Tuma kipya chenye uzito: matokeo ya muhula wa mwisho, alama mpya ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, kama bado wanapokea, cheo kipya cha uongozi. Mara moja, kwa ofisa anayesimamia eneo lenu, na aandike mtoto mwenyewe. Mzazi kaa pembeni. Hilo nilijifunza kwa shida lakini ni kweli, wanatafuta ofisa wa jeshi, sio mama yake.

"1 Mei imepita, yamekwisha"

1 Mei ndo tarehe ambayo waliopewa nafasi wanatakiwa wawe wamejibu. Sasa fikiria, kabla ya tarehe hiyo akademi haijui wangapi wamekataa wakaenda vyuo vingine, kwa hiyo kwa aliye kwenye listi tarehe hiyo ndo mambo yanaanza kujulikana. Darasa linaloingia West Point au Annapolis ni karibu watu 1,200, wakijibu wengi kuliko ilivyotarajiwa listi haiguswi, wakipungua simu zinaanza kupigwa, mwezi wa tano, hata wa sita. Siku ya kuripoti ni mwisho wa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo anayepigiwa mwezi wa sita anaweza kuwa na siku chache tu za kufungasha.

Ndo maana mwili usilale. Kuna kijana wa familia tunayoifahamu alikata tamaa Aprili akaacha mazoezi, simu ikaja, akaenda, na zile wiki za kwanza za kiangazi ambazo kadeti wapya wanakimbizwa alfajiri zilimtesa mno. Alivumilia, ila mama yake ananisimulia mpaka leo. Binti yetu alikimbia kila siku asubuhi mpaka Juni ilipoisha. Na kitu kingine kidogo: ukiulizwa kwenye potali kama bado unataka kubaki kwenye listi, jibu siku hiyo hiyo, kimya chako kinaweza kuhesabiwa kwamba umejitoa.

"Akilipia chuo kingine wataona hana nia"

Jamani hili linagharimu watu. Kuna wazazi wamemkataza mtoto kulipia nafasi chuo kingine eti kulipia kwingine ni dalili ya kutokuamini. Akademi haikuadhibu kwa kuwa na mpango wa pili, hao hao maofisa wanakushauri uwe nao. Vyuo vingi mwisho wao wa kujibu ni hiyo hiyo 1 Mei, ukikaa kusubiri simu ambayo haijulikani utakosa huku na huku. Dola mia kadhaa za kushika nafasi mara nyingi hazirudi, sawa, zinauma, sisi ziliuma, lakini hebu pima na mwaka mzima wa mtoto kukaa nyumbani.

Na mpango wa pili unaweza kuwa jeshi lile lile. ROTC, yaani mafunzo ya uofisa wa jeshi, iko kwenye vyuo vya kawaida, ina skolashipu za kulipa ada, anasoma na wenzie wa kiraia na mwisho anatoka na cheo kile kile cha luteni usu au ensaini anachotoka nacho wa akademi. Ukishika skolashipu ya ROTC hujajifungia, akademi ikipiga simu unaiachia. Nasema hivi kwa uchungu kidogo kwa sababu nimemwona mtoto akiambiwa mbele ya watu "kwa hiyo umeenda ROTC tu". Tu ya nini? Maofisa wengi wa jeshi la nchi kavu wametokea huko.

"Afya imekataa, basi"

Barua ya DoDMERB, ofisi inayopitia vipimo vya afya vya waombaji wote, ikija imeandikwa hajakidhi, nyumba nzima inapoa. Ya kwetu ilikuja Novemba. Binti alishawahi kupewa pampu ya kuvuta akiwa na miaka 14 kwa kikohozi kilichogoma, daktari akaandika pumu kwenye faili, na pumu baada ya kutimiza miaka 13 ni kigezo cha kukataliwa. Niliamini imeisha.

Kumbe DoDMERB inasema tu umekidhi au hujakidhi. Anayetoa weva, yaani msamaha wa kigezo hicho, ni akademi yenyewe, na wala hujazi fomu ya kuomba, mtoto akiwa na ushindani akademi inaanza kuushughulikia yenyewe. Wataitisha kumbukumbu za hospitali, labda na kipimo kipya cha mapafu, na hapo ndo kazi yako mzazi: leta kila karatasi haraka, maana mpaka weva itoke mtoto hawezi kupewa nafasi hata kama alama zake ni za juu. Yetu ilitoka mwanzoni mwa Machi, viti vingi vimeshaondoka. Na usimfundishe mtoto kuficha. Wapo wanaoshauri hivyo, "usiseme pumu", lakini mahali ambapo kadeti anafukuzwa kwa kusema uongo huwezi kuingia kwa uongo.

"Grini kadi inatosha"

Haitoshi, siku ya kuingia lazima awe raia. Wanaotoka nje wapo ila hao wanapelekwa na serikali za nchi zao na sheria inaruhusu wasizidi 60 kwa kila moja ya zile tatu. Lakini sikiliza: mtoto mwenye grini kadi aliye chini ya miaka 18 anayeishi na mzazi wake, mzazi akiapishwa uraia naye anakuwa raia papo hapo. Kuna wazazi wanaahirisha kiapo mpaka mtoto anafika 18 na mlango huo unafungwa. Kama mko kwenye njia hiyo msikawie.

"Akikosa mwaka huu ndo basi tena"

Umri unaotakiwa ni 17 mpaka asiwe amevuka kutimiza 23 ifikapo 1 Julai ya mwaka wa kuingia, kwa hiyo wa miaka 18 ana muda. Wengine akademi inawapa mwaka wa maandalizi, West Point wana shule yao pale pale, wanamaji iko Newport kule Rhode Island, jeshi la anga pale pale Colorado Springs, lakini hizo huombi wewe, wanakuchagua wao kutoka kwenye maombi yako yale yale. Nilipoteza wiki nzima nikitafuta fomu ambayo haipo.

Asiyepata hata hiyo anaanza chuo, anachukua kalkulasi, kemia na uandishi, masomo yale yale ya mwaka wa kwanza wa akademi, alafu anaomba upya. Akipata anaanza mwanzo, miaka 4 kamili, krediti zake za chuo hazimruki darasa. Na nominesheni ya mwaka jana haihami, unaomba mpya, insha mpya, usaili mpya.

Yetu simu haikupigwa. Siku darasa jipya lilipokula kiapo binti alizima simu akaenda kukimbia, akarudi akala, akasema anaomba tena. Sa hivi yuko chuo na ROTC, ameshapata A ya kalkulasi, fomu ya mbunge inafungwa mwezi huu wa kumi na insha iliyobaki ni moja.