Mafumbo ya Picha na Uwezo wa Mtoto wa Kuchunguza: Maswali na Majibu

Je, mafumbo ya picha huongeza nguvu ya macho ya mtoto?

Hapana. Nguvu ya macho hutegemea umbo la jicho, uangavu wa lenzi, afya ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na mishipa inayopeleka taarifa kwenye ubongo, na hakuna mchezo wa kutafuta tofauti utakaomwondolea mtoto haja ya miwani ikiwa anaihitaji. Kinachonolewa ni namna mtoto anavyoyaongoza macho yake, anavyojizuia asikimbilie jibu, na anavyokihifadhi akilini kile alichokiona sekunde chache zilizopita. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno: kwa mtazamo mmoja, eneo linaloonekana wazi kabisa halizidi sana upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Ndiyo maana macho huruka kutoka mahali hadi mahali takriban mara 3 kwa sekunde, na kuchunguza ni kuamua yaruke kwenda wapi.

Kwa nini mtoto wa miaka 4 husema picha mbili zinafanana ilhali tofauti iko wazi?

Kwa sababu huacha kutafuta mapema. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Eliane Vurpillot alichapisha utafiti ambao ndani yake watoto walionyeshwa jozi za nyumba zilizochorwa, kila nyumba ikiwa na madirisha 6, wakaulizwa kama nyumba hizo zinafanana, huku mienendo ya macho yao ikirekodiwa. Watoto wadogo walipitisha macho kwenye madirisha machache, bila mpangilio, kisha wakajibu kwa uhakika. Wakubwa walilinganisha dirisha na dirisha mwenzake hadi wakakutana na lililotofautiana. Mtoto mdogo, kwa hiyo, huona vyema kile anachokitazama, ila bado hajajua kwamba hawezi kusema "zinafanana" kabla hajamaliza kuzilinganisha zote.

Watu wazima nao wasijitape. Katika jaribio la mwaka 1999 la Daniel Simons na Christopher Chabris, watazamaji waliombwa kuhesabu pasi za mpira kwenye video, na takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akikatiza katikati ya wachezaji. Macho yalikuwa wazi. Umakini ulikuwa kwingine.

Mzazi afanye nini anapokaa na mtoto mbele ya fumbo?

Jambo la kwanza, na kwa wengi ndilo gumu, ni kunyamaza. Mzazi akionyesha tofauti ya kwanza kwa kidole, mtoto hujifunza kumtazama mzazi badala ya kuitazama picha. Amri ya "angalia vizuri!" nayo haisaidii, kwa kuwa haimwambii mtoto afanye nini. Swali lenye manufaa ni hili: "Umeshaangalia wapi, na wapi bado?" Swali hilo humfanya agundue mwenyewe kwamba kuna kona ambayo macho yake hayajaifikia.

Baada ya hapo afundishwe mbinu, moja baada ya nyingine. Picha inaweza kufunikwa kwa karatasi ili robo moja tu ibaki wazi, na mtoto asihamie robo nyingine kabla ya kuimaliza hiyo. Anaweza kuweka kidole cha mkono mmoja kwenye picha ya kwanza na cha mkono mwingine mahali palepale kwenye picha ya pili. Anaweza pia kukitaja kwa sauti kile anachokiona, kwa mfano "mti huu una matawi matatu", kisha ahesabu matawi ya mti wa pili, kwani neno lililotamkwa hukaa akilini kwa urahisi kuliko sura iliyopita mbele ya macho.

Mchezo ambao kwa maoni yangu unaizidi mingine yote ni wa kumgeuza mtoto kuwa mtunzi. Apewe karatasi na penseli, achore picha mbili, afiche tofauti 3, kisha ampe mtu mzima azitafute. Ili afiche vizuri inambidi afikirie mwenzake atatazama wapi kwanza na nini kitampita, na mazoezi ya aina hiyo hayapatikani kwa kutatua mafumbo yaliyotungwa na wengine.

Michezo ipi inafaa umri upi?

Kabla ya miaka 3, kulinganisha vitu halisi vinavyofanana na kutafuta kitu kilichofichwa chini ya kikombe kimoja kati ya viwili kunatosha, mradi hakuna kipande kidogo kinachoweza kumkaba koo. Kuanzia miaka 3 hadi 5, mtoto anaweza kuonyeshwa vitu 5 juu ya sinia, vikafunikwa, kimoja kikaondolewa kwa siri, naye akataja kilichopungua. Mafumbo ya kuunganisha vipande vya picha yanafaa pia umri huu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliona kwamba watoto waliocheza mafumbo hayo nyumbani kati ya umri wa miaka 2 na 4 walifanya vizuri zaidi katika kugeuza maumbo akilini walipofikisha miaka 4 na nusu, ingawa uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba mafumbo ndiyo yaliyoleta tofauti.

Ugumu uongezwe kwa kuchanganya sifa. Duara jekundu kati ya maduara ya buluu huonekana papo hapo, lakini duara jekundu lililochanganyika na miraba myekundu na maduara ya buluu hulazimisha macho kupita kitu kimoja kimoja. Mtoto anayechanganya herufi b na d bado yuko katika hali ya kawaida hadi miaka 7 hivi, maana hadi hapo maisha yamemfundisha kwamba kitu hubaki kilekile hata kikigeuzwa upande.

Je, ni kweli kwamba programu za michezo huongeza akili?

Mtoto huwa hodari katika mchezo anaoufanyia mazoezi na ile inayokaribiana nao. Ushahidi kwamba uhodari huo huhamia kwenye masomo kwa ujumla ni dhaifu. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayomiliki Lumosity, programu ya michezo ya kunoa ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya kushtakiwa na mamlaka ya serikali kwa matangazo ya kupotosha kuhusu manufaa ya aina hiyo.

Vipi kuhusu kucheza kwenye simu?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa watoto walio chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1 kwa siku. Uchunguzi wa majani, wadudu na mawingu hunoa ujuzi uleule, tena nje ya nyumba, mahali ambapo macho hupata mwanga wa kutosha: jaribio la shuleni katika mji wa Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2015, liliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na baada ya miaka 3 watoto walioanza kushindwa kuona mbali walikuwa takriban asilimia 30, ikilinganishwa na asilimia 40 katika shule ambazo hazikuongeza muda huo.

Ni wakati gani tatizo huwa la macho lenyewe?

Mtoto anayesogeza kitabu karibu mno, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayefumba jicho moja ili aone, au mwenye makengeza apelekwe kupimwa macho kabla ya kuitwa mzembe. Jicho vivu, ambalo ubongo umeanza kulipuuza, linaweza kuwepo bila mtoto kulalamika kwa kuwa jicho la pili humtosheleza, na matibabu yake hufanikiwa zaidi yakianza kabla ya miaka 7. Anayekosea tu mafumbo ya rangi huenda ana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani, hali inayowapata wavulana mara nyingi kuliko wasichana; yeye apewe mafumbo ya maumbo. Mboni inayoonekana nyeupe, iwe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera au kwa macho ya kawaida, yaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho au mtoto wa jicho, na haifai kusubiri: daktari amwone mtoto huyo mara moja.