Presha ya Maji Inavyoharibu Pevingi ya Nyumbani

Kila masika yakielekea kwisha, wenye nyumba hapa Dar es Salaam hunipigia simu wakiwa na lalamiko lilelile: "Fundi, pevingi yangu imeanza kucheza." Nikifika, mara nyingi nakuta vitofali visafi kabisa, vimeoshwa kwa mashine ya presha muda si mrefu uliopita, na mianya kati yake iko wazi. Hapo sina haja ya kuuliza mengi. Uchafu umetoka, na mchanga uliokuwa umeishika njia nzima ya gari umetoka nao.

Vitofali vya pevingi havijagandishwa kwa saruji. Vimelazwa juu ya tabaka la mchanga la sentimita 3 hivi, chini yake kuna moramu au kokoto iliyoshindiliwa, na pembeni kuna ukingo wa zege wa kuvizuia visitawanyike. Tairi likikanyaga kitofali kimoja, mchanga uliojaa kwenye mianya unakibana na wenzake, na mzigo unagawanyika. Mianya ikiwa mitupu, kitofali kinabeba peke yake. Kinazama kidogo, kinarudi, kinazama tena. Mvua ikinyesha, maji yanapenya hadi kwenye mchanga wa kulalia na kuuhamisha taratibu. Msimu mmoja ukipita, unaona mabonde mawili pale magurudumu yanapopita.

Kujua hali ya pevingi yako ni rahisi. Chomoa njiti moja ya fagio la chelewa, ichomeke kwenye mianya sehemu mbalimbali, hasa karibu na geti na chini ya mabomba ya kushushia maji ya paa. Mchanga unatakiwa uwe karibu kabisa na uso wa kitofali. Njiti ikizama kiasi cha upana wa kidole, ongeza mchanga kabla hujafikiria kuosha.

Usafi wa kila siku unatosha kwa fagio hilohilo la chelewa, pakiwa pakavu. Kufagia kunazuia magugu pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Magugu mengi ya kwenye pevingi hayatoki chini. Mbegu huletwa na upepo na ndege, zikaota kwenye udongo uliotokana na vumbi na majani yaliyooza mianyani. Ukiondoa majani yangali makavu, mbegu hazipati pa kushika. Ndago ni habari nyingine: ina viazi chini ya ardhi, na ukiing'oa kwa hasira, jani linabaki mkononi na kiazi kinachipua tena. Hiyo ichimbue kwa bisibisi bapa ukiweza, au ipakwe dawa ya magugu moja kwa moja kwenye majani. Ninawasihi wanaomwaga oili chafu au chumvi ili kuua majani waache. Oili inashuka ardhini, na wengi wetu tuna visima humohumo uani. Chumvi nayo inaingia kwenye zege na kuutafuna uso wake polepole.

Mashine ya presha siikatazi, maana sehemu zenye kivuli hufanya ukoga wa kijani na watu huteleza. Ila tumia mdomo unaotawanya maji kama feni, ushikwe kwa ulalo, sentimita 30 au zaidi kutoka chini, na maji yapite kwa mshazari, yasifuate mwanya. Ule mdomo wa maji membamba uuweke kando kabisa, kwani unachimba mchanga na kukwangua hata uso wa kitofali. Kama ukoga si mwingi, maji yenye jiki kidogo na brashi ngumu vinatosha. Jiki isikutane na asidi ya kusafishia vyoo hata kwa bahati mbaya, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Asidi yenyewe haina kazi kwenye pevingi: inayeyusha saruji na kuacha kokoto zikichungulia.

Baada ya kuosha, subiri hadi mianya ikauke kweli, siku mbili tatu za jua. Andaa mchanga laini wa mto, uanike kwenye turubai, kisha uuchekeche kwa wavu wa dirishani. Usitumie mchanga wa pwani, una chumvi. Umwage juu ya vitofali vikavu, usukume kwa fagio huku na huku hadi mianya ishibe, pitisha mashine ya kushindilia au gongagonga kwa ubao na nyundo, kisha fagia tena, kwa sababu mtikisiko unaushusha. Rudia baada ya wiki kadhaa. Kuna mafundi wanaomwaga saruji kavu kwenye mianya na kunyunyizia maji, na mwenye nyumba anafurahi siku hiyo. Saruji hiyo inapasuka gari linapopita, maji yanaingia kwenye nyufa, na siku ya kukarabati vitofali havitoki vizima.

Oili iliyodondoka leo isipigwe maji. Ifunike kwa mchanga mkavu au unga wa mbao, iache inyonywe, zoa, ndipo usugue kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Doa la zamani litafifia tu. Ule unga mweupe kwenye vitofali vipya ni chokaa ya saruji iliyopandishwa juu na maji. Mvua na matumizi huuondoa, usiuhangaikie.

Palipozama, mchanga wa juu hautasaidia. Fungua eneo hilo na mistari miwili zaidi ya vitofali kila upande. Kitofali cha kwanza ndicho kigumu: kiinue kwa bisibisi mbili bapa, ukipokezana upande huu na huu. Vingine hutoka kwa mkono. Ondoa mchanga, angalia moramu. Ikiwa laini na yenye maji wakati hakujanyesha, tafuta bomba linalovuja kwanza. Shindilia moramu mpya kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10, weka mchanga, uusawazishe kwa ubao bila kuukanyaga, na upange vitofali vikae juu kidogo kuliko majirani zake, maana vitashuka ukishindilia.

Uliza pia ni gari gani linaingia. Pevingi yenye unene wa milimita 60 ni ya magari madogo. Boza la lita 10,000 linabeba tani 10 za maji peke yake, kabla hujahesabu chuma cha gari. Kama maji ya nyumbani kwako huletwa na boza, au gari la majitaka linapita hapo, weka ya milimita 80 juu ya msingi mnene zaidi. La sivyo boza libaki nje ya geti, na mpira uvutwe hadi kwenye tangi. Mtu aliyekwisha kujenga kwa ile nyembamba naye nitamwambia avute mpira tu, ni nafuu mara nyingi kuliko kubomoa.

Ukijenga upya, dai mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba, na ununue vitofali vya akiba kutoka oda ileile. Viache nje, juani na mvuani, vipauke pamoja na vilivyotandazwa, ili ukivihitaji rangi isipishane.